Mwalimu wa Fizikia na Pipa la Nyanya

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa akiniita Profesa, nami sikuwahi kumsahihisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya nyumba yake huko Weston, upande wa magharibi wa Toronto, mahali ambapo ukitembea kidogo tu unaufikia mto Humber. Alikuwa mjane wa Kiitaliano, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko vyangu na sauti ambayo ingetosha kuita watu kuvuka bonde. Siku niliyohamia aliniuliza kwetu Tanzania nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Akapiga makofi, akasema, "Ah! Profesa!"

Nilidhani ameiona akili yangu usoni. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba kwa Waitaliano kila mwalimu wa sekondari huitwa hivyo, hata yule anayefundisha michezo. Lakini wakati huo kazi yangu ilikuwa kupanga vyakula kwenye trei za abiria wa ndege, karibu na uwanja. Kipande cha mkate hapa, siagi pale, uma na kisu upande wa kulia, trei baada ya trei hadi zamu iishe. Mtu aliyeshinda anapanga siagi hawezi kukataa kuitwa Profesa anaporudi nyumbani.

Kwa upande wangu nilishindwa kumpita mtu mzima bila kumwamkia, basi kila asubuhi nikimkuta bustanini nilisema, "Shikamoo, mama." Nilimfundisha kuitikia marahaba. Akawa anaitikia "Maraba!" kwa nguvu kiasi kwamba jirani alikuwa anageuka.

Mume wake alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Hilo niliambiwa na binti yao, mwanamke wa umri wangu aliyekuwa akija kila Jumamosi kumwona mama yake na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu mambo yalipokuwa mazito. Mama mwenyewe alizungumza Kiitaliano kilichonyunyiziwa Kiingereza, nami nilizungumza Kiingereza cha vitabuni, kwa hiyo mazungumzo yetu ya kila siku yalihusu zaidi hali ya hewa na takataka.

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti binti akashuka ngazi, akagonga mlango wangu.

"Mama anauliza," alisema, "unajua chochote kuhusu nyanya?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Ukweli ni kwamba nimezaliwa Ilula, mkoani Iringa, ambako kila mtu analima nyanya, na kwamba mama yangu amesomesha watoto watano kwa kuuza nyanya kando ya barabara kuu. Huo ni upande mmoja wa ukweli. Upande wa pili ni kwamba nilikuwa mtoto pekee katika ukoo wetu aliyewashwa na majani ya nyanya. Nikiingia shambani asubuhi, mchana mikono imevimba. Nikipewa tenga kubeba, linaanguka. Mama yangu aliamua mapema kwamba huyu asome tu, maana jembe limemkataa.

Nilimjibu binti, "Nyanya? Mwambie mama nimezaliwa ndani ya nyanya."

Akapanda ngazi kupeleka habari. Nikasikia juu kule sauti ya furaha, na moyo wangu ukavimba kuliko mikono yangu ya utotoni.

Ikaelezwa kwamba kila mwaka familia yao hutengeneza sosi ya nyanya ya kutosha mwaka mzima. Hawanunui ya kopo. Kwa mama yule, sosi ya kopo ilikuwa aibu inayofichwa, kama mtu wa kwetu kukopa unga kwa jirani wakati wa mavuno. Mwaka ule ungekuwa wa kwanza bila mzee, na mikono ilikuwa imepungua.

Tulianza kwa kwenda kununua. Mkwe wake, mume wa binti, fundi wa kumwaga zege, mtu mkimya mwenye shingo kama gogo, alitupeleka kwa gari lake la mizigo hadi kwenye uwanja wa muuza mboga ambako masanduku ya nyanya yalikuwa yamepangwa hadi juu ya kichwa changu. Nilitembea katikati yake mikono nyuma, kama afisa kilimo. Nikainama nikachagua moja: kubwa, ya mviringo, inayong'aa. Nikaibinya, nikainusa, nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikampa mama.

Akaipokea kwa adabu. Akairudisha kwenye sanduku. Akaokota nyingine, ndefu, nyembamba, yenye kovu ubavuni, imekaa kama kidole gumba cha mtu aliyefanya kazi ngumu. Akaikata kwa kisu alichokitoa mfukoni mwa gauni, akanionyesha ndani: nyama tupu, maji hakuna.

"Ile ni saladi," alisema. "Hii ni sosi."

"Ndiyo, ndiyo," nilisema, "nilikuwa nataka kuhakikisha kama unajua."

Binti alitafsiri. Mkwe alikohoa, na mpaka leo naamini hakuwa na kikohozi.

Nyanya zilifika nyumbani zikatandazwa juu ya mashuka ya zamani katika ukumbi wa chini, nje kabisa ya mlango wa chumba changu, ziive sawasawa. Kwa siku nne nililala jirani na nyanya. Kwenda msalani niliruka kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mara mbili sikulenga jiwe. Lakini nikiri: harufu ile ilinifikisha kwetu. Asubuhi ya kwanza niliamka nikidhani nimechelewa kwenda kuchota maji.

Jumamosi iliyofuata tulianza kazi mapema, ndani ya banda la gari. Gari lilikuwa limetolewa na sakafu imeoshwa ikanukia sabuni. Kila mtu alikuwa na kituo chake. Mimi walinianzisha kwenye kuosha. Nilikuwa naosha nyanya mojamoja, juu na chini, kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga, hadi waliokuwa wakisubiri kukata wakakaa bila kazi. Mama akanihamishia kwenye kukata. Huko mikono ikaanza kuwasha. Nilijikuna, nikakata, nikajikuna, na hatimaye nikajikata. Mama akanifunga kidole kwa kitambaa, akanipeleka kwenye mashine, ile inayotenganisha rojo na maganda na mbegu. Kazi yangu ilikuwa kumimina nyanya zilizochemshwa kwenye mdomo wa juu. Nilimimina nyingi kwa mara moja, mashine ikakwama, kisha ikapiga chafya, na rojo likamrukia mkwe kifuani. Alijiangalia tu, kama mtu aliyepigwa risasi sinema ikiwa mwanzo.

Kituo cha nne kilikuwa kutia jani moja katika kila chupa kabla ya sosi. Nililinusa jani lile nikashangaa.

"Hiki ni kivumbasi!" nilimwambia binti. "Kwetu bibi yangu alikuwa anakiweka mlangoni kufukuza mbu."

Alipomtafsiria mama yake, mama alisimama na mwiko mkononi, akanitazama kwa muda mrefu. Baada ya hapo jani likawa linatiwa na binti.

Chakula cha mchana kilipokwisha, chupa zote zilikuwa zimejaa na kufungwa. Ndipo likatolewa pipa. Lilikuwa pipa la chuma, jeusi kwa masizi ya miaka, linakaa juu ya mawe matatu nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kanada niliona mafiga. Chupa zilipangwa ndani, safu kwa safu, katikati zimetengwa kwa matambara na magunia zisigongane. Maji yakajazwa. Kuni zilikuwa vipande vya mbao kutoka kwenye ujenzi wa mkwe. Kando ya pipa palikuwa na kiti cha mbao chenye mto uliofifia rangi.

Mama alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye kiti kile. Akaongea, binti akawa anatafsiri, na sauti ya binti ilikuwa imebadilika kidogo.

"Mama anasema moto ulikuwa kazi ya baba. Alikaa hapa kila mwaka. Leo anakuomba ukae wewe. Maji yakichemka, acha yachemke saa nzima. Halafu utoe kuni. Halafu usiguse kitu. Chupa zinalala humohumo ndani ya maji mpaka kesho asubuhi."

Nilikaa. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kati ya watu wote, mkwe wake akiwepo, kiti cha marehemu kimekuja kwangu. Nikamwona mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akinitazama kutoka mahali fulani, akisema, naam, Profesa, nimefurahi.

Mkwe na binti wakaondoka kuwafuata watoto wao. Mama akaingia ndani kupumzika. Nikabaki na moto. Na moto, hilo niseme bila kujisifu, niliutunza vizuri. Maji yalichemka, nikaangalia saa, saa nzima ikapita, nikatoa kuni moja moja nikazizima kwa mchanga.

Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo palipoharibika.

Zamu yangu ya jioni ilikuwa inakaribia. Nikawaza: mama huyu ameamka alfajiri, amekata nyanya mchana kutwa, amefiwa. Akiamka usingizini akute chupa zote zimekaushwa na kupangwa kwenye rafu, atafurahi kiasi gani! Kwa nini zilale humo mpaka kesho? Ni desturi tu ya wazee. Kitu kikiwa cha moto, dawa yake ni kukipoza. Mpira wa kumwagilia bustani ulikuwa pale pale ukutani.

Naomba msomaji akumbuke kwamba kwa miaka sita nilisimama mbele ya vijana wa kidato cha pili nikiwafundisha kutanuka na kusinyaa kwa vitu. Nilikuwa na tufe la chuma na pete yake. Nilikuwa na swali langu la mtihani ambalo nililitoa kila mwaka: *Eleza kwa nini bilauri nene ya kioo hupasuka ikibadilishiwa joto ghafla.* Waliokosa swali lile niliwaandikia kwa wino mwekundu, "Hufikiri!"

Nikafungua bomba hadi mwisho.

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, *tii*, nikadhani ni ndege. Ya pili ilikuwa *pa!* Ya tatu na ya nne zilikuja pamoja. Nilifikiri kuna mtoto anarusha mawe kwenye pipa, nikageuka kumtafuta. Kisha maji yakaanza kubadilika rangi. Na mimi, mwalimu wa fizikia, nikasema moyoni: zinapasuka kwa sababu ya joto, maji baridi hayatoshi. Nikauzamisha mpira ndani kabisa.

Ilikuwa kama harusi yenye fataki. Vifuniko vilipiga ukuta wa pipa, matambara yalipanda juu yakiwa mekundu, povu likamwagika likazunguka viatu vyangu. Ilipofika hatua hiyo hata mimi nilielewa, lakini mkono uligoma kuachia.

Mama akatoka amevaa ndala, nywele zimelala upande mmoja. Alikuja hadi kwenye pipa akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Nilikuwa bado nimeshika mpira na sasa maji yalikuwa yanamiminika ndani ya soksi zangu.

"Mama," nilisema, "samahani."

"Profesa," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "funga maji."

Nikafunga. Alikaa kwenye kile kiti, akajifunika uso kwa aproni, akalia. Nikataka kumwambia pole, nikataka kukimbia, nikataka kutumbukia ndani ya pipa. Nilichofanya ni kuangalia saa na kwenda kazini. Jioni ile nilipanga trei huku suruali yangu ina madoa mekundu hadi magotini, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeshuhudia ajali. Nikamwambia ndiyo.

Siku zilizofuata niliishi kama panya. Nilitoka mapema kabla hajaingia bustanini na kurudi nikiwa nimevua viatu. Sikumwamkia. Kwa malezi niliyopata hilo lilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nikipiga simu kwa kadi hadi ofisi ya parokia kwetu, ambako mama yangu alinisubiri. Jumapili ya kwanza niliona aibu; ya pili nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye mpira wa maji alinyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Ulimwaga maji ya baridi kwenye chupa za moto?"

"Ndiyo, mama."

"Si wewe uliyekuwa unawafundisha watoto wa watu?"

"Ndimi, mama."

Akacheka. Alicheka mpaka nikamsikia anamsimulia katibu wa parokia, na katibu naye akacheka, na dakika za kadi yangu zikawa zinakwenda kwa kicheko cha watu wawili. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na huyo mama umeshamwona?"

"Namkwepa."

Hapo hakucheka. "Mtu mzima hakwepwi. Umemharibia chakula cha mwaka na bado unamnyima salamu? Nenda kamwamkie. Na usiende mikono mitupu."

Kesho yake nilikwenda kwa yule muuza mboga. Msimu ulikuwa unaelekea kwisha, na masanduku yaliyobaki yalikuwa machache. Nilichagua kwa kisu, kama nilivyoona, ndefu na nyembamba na zenye makovu. Sikuwa na gari. Dereva wa basi aliangalia masanduku yangu akatikisa kichwa, basi nikapata kikapu cha magurudumu kutoka kwa muuzaji kwa ahadi ya kukirudisha, nikakisukuma kando ya Barabara ya Weston, gurudumu moja likivuta kushoto. Nilipofika mikono ilikuwa tayari imeanza kuwasha.

Mama alikuwa akikata mizabibu iliyotambaa ukutani. Niliegesha kikapu, nikavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Alikata tawi moja zaidi. Kisha akasema, polepole, "Maraba."

Akaja akafunua masanduku. Akaanza kuchambua: hii ndiyo, hii ndiyo, hii takataka, hii ndiyo, hii umeichagua ukiwa umefumba macho? Alitupa kando labda robo. Kisha akasimama, akajifuta mikono.

"Kesho," alisema. "Saa moja asubuhi."

Tulifanya kazi wawili tu. Alinikalisha kwenye kuosha na kila nilipopunguza mwendo aligonga beseni kwa mwiko. Mchana tulipojaza pipa nikakaa tena kwenye kiti, na mara hii akaleta kiti kingine akakaa karibu nami, mguu wake umekanyaga mpira wa maji. Nikaona ni wakati wa kusema jambo lililokuwa likinisumbua. Kwa Kiingereza changu cha vitabuni na ishara nyingi nikamwambia kwamba nasikitika nimechafua nafasi ya mume wake, nafasi ya heshima kama ile.

Alikunja uso. "Heshima? Heshima gani?"

"Hii. Ya moto. Ya mzee."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na safari hii hakuwa analia.

"Profesa," alisema, "mume wangu, mtu mzuri. Mzuri sana. Lakini kwenye nyanya, bure! Alivunja, alimwaga, alikata kidole. Miaka thelathini nilimweka hapa. Kwa nini? Kwa sababu hapa," akaonyesha pipa, akaonyesha kuni, "hapa hata yeye hawezi kuharibu kitu."

Akanitazama, na nikaona anafikia hitimisho lile lile nililokuwa nimelifikia mimi: kwamba mimi nilikuwa nimeharibu hata hapo. Alicheka hadi ikabidi ashike pipa, akakumbuka ni la moto, akaachia kwa kelele. Nami nikacheka. Akanisimulia habari za mzee: alivyokuwa akiimba hapo kitini kwa sauti mbaya, alivyolala siku moja moto ukazimika, alivyokuwa akidai mbele ya wageni kwamba siri ya sosi ni moto. Alisimulia mpaka maji yalipochemka, na saa nzima baadaye bado alikuwa akisimulia. Nilielewa labda nusu. Sikumkatiza.

Chupa zililala ndani ya pipa mpaka asubuhi. Hata moja haikupasuka. Aliniletea kadhaa chumbani, nikapika sosi ile kwa vitunguu na pilipili nikala na ugali. Alishuka akaniona, akaniambia nimeua kitu kizuri, kisha akaonja kwa kidole, kisha akavuta kiti.

Nilikaa kwake miaka mingine mitatu, na kila Agosti nilikuwa mtu wa pipa. Mwaka wa mwisho mke wangu alikuwa amekwishafika kutoka nyumbani. Hajawahi kulima nyanya, kwao ni wavuvi wa ziwani. Asubuhi ile alipewa kisu, na nyanya hazijafika nusu akapewa mashine, na adhuhuri nikamkuta kwenye sufuria kubwa, mwiko wa mama mkononi mwake, mama akimwonjesha na kumuuliza chumvi imetosha au bado.

"Na wewe," mke wangu aliniuliza nikipita na kuni, "mbona unakaa kule nyuma peke yako?"

"Kule ndiko kwenye kazi ya heshima," nilimjibu. "Siri yote ya sosi ni moto."

Akamgeukia mama kutafuta uthibitisho. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakoroga kwa bidii, na hakuinua uso mpaka nilipokwisha kutoka.

Mwezi uliofuata tulihamia ghorofani, Thorncliffe Park, nyumba isiyo na uwanja wala pipa. Mama alitupa chupa kumi na mbili za kuondokea. Alizifunga mwenyewe kwa magazeti, akazipanga kwenye sanduku, akalifunga kamba. Nikanyoosha mikono kulipokea. Akanipita, akampa mke wangu.